Kichwa Kimoja, Vinyozi Wawili

Mwenyekiti wa kijiji aliingia saluni bila kubisha, kama aingiavyo mtu mwenye ufunguo wa akiba, akamkuta Fundi anamnyoa Mzee wa Posta. Neno kunyoa hapa limetumika kwa heshima tu. Mzee wa Posta alikuwa amebakiwa na nywele chache zilizojipanga nyuma ya masikio kama watu wanaosubiri ofisi ifunguliwe, na kila wiki alikuja kuzipunguza, maana alistaafu posta lakini hakustaafu ratiba.

"Fundi, nimekuja kwa habari ya chumba," alisema Mwenyekiti. Alikuwa mama mnene, mwenye sauti ya kuhutubia hata anapoomba chumvi.

"Kinavuja," alijibu Fundi bila kuinua kichwa.

"Najua kinavuja. Sikuja kwa kuvuja, nimekuja kwa kupangisha. Mkataba wako unakwisha mwisho wa mwezi, na wageni wamekiomba. Wana kinyozi wao."

"Wageni gani?"

"Usinifanye mtoto mdogo. Wageni wa mabanda ya maua."

"Wale watoto wao ndio wanaoongoza wimbo wa shule asubuhi," alisema Mzee wa Posta kutoka chini ya kitambaa. "Mpaka lini tutawaita wageni? Mimi mwenyewe nilihamia hapa baada ya..."

Fundi akamwinamisha kichwa, sentensi ikaishia kifuani.

Mwenyekiti alijikalisha kwenye benchi la wateja, ambalo lilikuwa na nafasi ya kutosha, kwa kuwa halikuwa na mteja. "Halmashauri imehesabu watu, Fundi. Wenyeji tumebaki nusu ya tulivyokuwa, na hiyo nusu yenyewe ni sisi wa magoti mabovu. Wao wanaongezeka. Mwaka huu ndio wametupita. Na ushuru unaowasha taa za barabarani unatoka mifukoni mwao, kwa sababu ndio wenye mshahara. Sisi tuna heshima zetu, sikatai. Lakini fundi wa umeme hapokei heshima."

"Kwani nimemkataza nani kuja kunyolewa?"

"Hujamkataza. Ila hujawahi kumnyoa hata mmoja."

"Hawaji."

"Hawaji kwa sababu hujui nywele zao."

Fundi alizima mashine. Unaweza kumwambia mwanamume kwamba paa lake linavuja, kwamba biashara yake inakufa, hata kwamba mwanawe hampigii simu. Yote hayo Fundi aliyavumilia kwa wakati mmoja. Lakini hilo la nywele lilimpata pabaya. Yeye mwenyewe alikuwa na upara unaong'aa, ambao watani wake walisema ndilo tangazo pekee la biashara alilowahi kuweka, na labda kwa sababu hiyo nywele za watu wengine alizichukulia kwa uzito mkubwa.

"Mwenyekiti," alisema polepole, "mimi nanyoa kichwa chochote, alimradi kimeshikana na shingo."

"Vizuri sana." Mwenyekiti akasimama haraka mno kwa mtu mwenye magoti mabovu. "Ijumaa nitakuletea Msimamizi wa mabanda. Jumamosi mwenye kampuni anakuja kukagua na Msimamizi anataka kupendeza. Akitoka hapa anatabasamu, nitakutetea kikaoni mpaka mate yanikauke. Akitoka amenuna, usiniambie kitu."

Alipoondoka, Mzee wa Posta aliinua kichwa na kujitazama kiooni. "Umewahi kuzishika zile nywele?"

"Nywele ni nywele."

"Basi umekwisha," alisema Mzee wa Posta kwa upole, akajipangusa shingo.

Ofisi ya halmashauri ilikuwa na takwimu zake. Fundi alikuwa na vichwa. Alipoanza kazi, benchi lilijaa vijana wa kiwanda cha kuchambua pamba, wenye nywele ngumu zilizosokotana vizuri, nywele zinazosimama wima kumngoja fundi. Kiwanda kikafungwa, vichwa vile vikapanda basi kwenda mjini. Wakabaki baba zao, nao wakaanza kuota upara mmoja baada ya mwingine, kana kwamba wamekubaliana. Familia za wenye maduka, ambazo babu zao waliletwa kutoka ng'ambo wakajenga barabara kuu, nazo zilifunga milango na kufuata wateja. Kisha yakaja mabanda ya maua, yakaja na watu wake: wa rangi nyingine, lugha nyingine, na nywele nyeusi nzito zinazoanguka kama maji ya mvua kutoka kwenye bati. Wenyeji walisema kuinamia maua siku nzima ni kazi ya kuvunja mgongo. Wageni wakainama. Sasa wenyeji walikuwa na migongo iliyonyooka na wageni walikuwa na pikipiki.

Fundi aliyatazama yote hayo kupitia dirisha la saluni, akiwa na mashine safi mkononi, akingoja hali irudi kawaida.

*

Nyumbani habari ilikuwa imemtangulia. Mkewe alikuwa amekaa kwenye kigoda anachambua mboga kwa hasira, na mama mkwe, aliyeishi nao tangu nyonga ilipomsumbua, alikuwa amekaa kando ya jiko na birika lake.

Lazima ieleweke kwamba mama mkwe alimheshimu sana Fundi. Kwa sababu ya heshima hiyo hakuwahi kumtukana usoni. Alilitukana birika.

"Chumba kikienda," alisema mkewe, "tutakula nini?"

"Hakiendi."

"Nimekuuliza kikienda."

"Kikienda, kijana wetu ametuambia twende mjini. Ana chumba cha nyuma."

"Chumba cha nyuma! Baba watoto, pale walikuwa wanafuga kuku."

"Walipasafisha."

"Nimepaona. Kuku waliondoka wenyewe, harufu wakaiacha ilinde." Alitupa jani bovu pembeni. "Na pale nitakaa kwa mkaza mwanangu, nimwombe ruhusa ya kukaanga yai. Mimi! Niliyejenga jiko hili kwa mikono yangu. Sikiliza. Mimi siongezi hesabu ya waliohama. Mnyoe huyo mtu. Mnyoe kama unamnyoa bwana harusi."

"Nitamnyoa."

"Kwa zile nywele? Umejifunzia wapi?"

Mama mkwe alilisogelea birika. "Wewe birika," alilinong'oneza kwa sauti iliyofika barabarani, "umewahi kuona mtu anaingia kwenye mtihani halafu ndipo anauliza somo?"

Fundi alitoka nje. Lakini maneno yalimfuata, na jioni ile, alipokuwa akizunguka ua, macho yake yaliangukia dekio. Lilikuwa limeegemezwa ukutani kichwa juu, nyuzi zake ndefu zimelegea huku na huku, na kwa mwanga ule lilifanana kabisa na kijana wa mabanda aliyechelewa kuamka.

Alilikamata. Akalikalisha kwenye kiti cha jikoni, akalifunga mpini kwa kamba ya katani, akalivisha kitambaa cha shingoni kwa mazoea. Alipojaribu kulichana kavu, nyuzi zilijinasa kwenye kitana. Akalimwagia maji. Hapo nyuzi zote zikalala kwa utii, zikashuka sawasawa, na mkasi ukapita ndani yake kwa raha iliyomfanya apige mluzi. Alikata mbele usawa wa mahali ambapo nyusi zingekuwa. Akakata pembeni. Akarudi nyuma hatua mbili, akainamisha kichwa, akaona kazi yake ni njema.

"Siri ni maji," alijiambia. Fundi mzima, umri wote huo, alikuwa amejifunza jambo jipya kutoka kwa dekio, na hakuona aibu yoyote.

Mkewe alipotoka, alisimama mlangoni akalitazama dekio. "Na kesho nitadeki na nini?"

"Limependeza au halikupendeza?"

"Limependeza," alikiri mkewe. "Linafanana na karani. Lakini halifiki tena sakafuni."

Nyuma yake mama mkwe alichungulia. "Birika," alisema, "mkwe wangu amepata mteja. Hana uso, lakini angalau hakulalamika."

*

Ijumaa Msimamizi alikuja peke yake, mrefu, amepiga pasi shati mpaka mikunjo ingeweza kukata mkate. Alikuwa na kichwa kikubwa na nywele nyingi zinazong'aa. Kiswahili chake alikitumia kama mtu anayetumia vyombo vya kuazima, kidogo na kwa uangalifu.

"Mbele, hapa," alisema, akigusa nyusi. "Pembeni, safi. Kesho bosi."

"Kaa raha mkubwa wangu. Umefika."

Fundi alimfunika kitambaa, akamlowesha. Alimlowesha kama anayemwagilia bustani. Nywele zikalala, na Fundi akahisi moyo wake nao unalala. Kitana kikapita, mkasi ukapita, vipande vyeusi vikaanguka sakafuni bila sauti. Nywele za wenyeji zilizoea kudondoka kama pamba, hizi zilianguka kama sindano. Alikata mbele usawa wa nyusi kwa mstari ambao seremala angeuonea wivu. Pembeni alimaliza kwa mashine, na hapo mkono wake ulirudia ujana. Kioo kilionyesha mwanamume nadhifu, mwenye cheo. Msimamizi mwenyewe alitikisa kichwa kidogo kukubali.

Ndipo unywele mmoja wa utosini ukasimama.

Ulisimama peke yake, kama mwanafunzi anayejua jibu. Fundi aliulaza kwa kidole. Ukasimama tena, na safari hii na jirani zake. Upepo mdogo uliopita dirishani ulikuwa unakausha kichwa, na kila palipokauka nywele ziliinuka, na kila zilipoinuka zilipanda. Mstari ule wa nyusi ulikuwa sasa katikati ya paji la uso na safari yake haijaisha. Dekio halikuwahi kumwambia habari hizi.

Fundi alichukua chupa ya maji akampulizia.

"Maji mengi," alisema Msimamizi.

"Ndio mtindo wenyewe, mkubwa."

Akampulizia tena. Kola ya shati ililowa. Kwa dakika chache zile Fundi alikuwa anashindana na hali ya hewa, na hakuwa na chupa ya pili. Mwishowe alimvua kitambaa wakati nywele bado zimelala, akampungia mkono kuelekea mlangoni kwa haraka isiyo ya adabu.

"Pita kivulini, mkubwa wangu. Jua la leo si zuri kwa... kwa ngozi."

Ng'ambo ya barabara palikuwa na lango la mabanda, na ulikuwa wakati wa mapumziko ya chakula. Kivuli hakikuwepo. Fundi alijificha nyuma ya dirisha akimtazama Msimamizi akivuka kwa mwendo wa mtu aliyependeza, na kwa kila hatua kichwa chake kikibadilika umbo. Alipofika langoni kilikuwa kimeiva kabisa. Kilikuwa duara la miiba, pande zote, kama brashi ya kusugulia sufuria.

Kisha mtu mmoja akacheka, kicheko kifupi kilichokatwa kwa hofu. Kisha wote. Fundi alikuwa amekaa na vicheko maisha yake yote, na hiki alikitambua: si cha kumcheka yeye. Kilikuwa kicheko cha wafanyakazi waliongoja siku nyingi kumcheka bosi wao na hatimaye wamepewa sababu isiyoweza kuandikwa kwenye barua ya kuwafukuza kazi. Wanawake walikaa chini. Kijana mmoja alikumbatia nguzo ya lango.

Msimamizi alirudi saluni akiwa na kofia ya mtu mwingine, ndogo, imekaa juu ya miiba bila kuigusa ngozi. Hakupiga kelele, na Fundi alitamani sana angepiga kelele. Alitoa pesa, akaziweka kwenye kiti.

"Hii, ya maji," alisema, akaenda zake.

*

Kikao hakikuchukua muda. "Sikuwa na la kusema," Mwenyekiti alimweleza Fundi baadaye, akikwepa macho yake. "Kila niliposimama kukutetea, wajumbe walikuwa wanajikuna vichwa."

Chumba kilipewa kinyozi wa wageni, mwanamke ambaye kijiji kizima kilimwita Mkasi, kwa sababu alitembea na mkasi wake umechomekwa kwenye fundo la nywele. Alikuwa amenyoa watu wake miaka yote chini ya bomba la maji nyuma ya mabweni ya wafanyakazi, mkabala na dirisha la Fundi, wakiwa wamekaa kwenye ndoo zilizofudikizwa.

Fundi alikwenda kuhamisha vitu vyake mchana wa kazi, akidhani barabara itakuwa na watu wachache. Alisahau kwamba wenyeji wote hawakuwa na kazi. Walijipanga kumpa pole, na kila aliyempa pole aliuliza kama ni kweli lile dekio lilipendeza kuliko mtu. Alibeba kioo akijiona humo, mzee mwenye upara anayebeba mzee mwenye upara. Alibeba benchi. Lakini kiti hakikutoka. Miaka ile ya neema ya pamba alikizika miguu kwenye saruji ili wateja wasikitingishe wakicheka, na aliizika kama mtu asiyetarajia kuondoka. Alikivuta kwa mikono miwili. Akakipiga teke. Kiti kilimtazama tu.

"Kiache, Fundi," alisema Mzee wa Posta kutoka mlangoni. Kisha, baada ya kusita, "Na mimi sasa nitanyolewa wapi?"

"Wewe huna cha kunyoa!"

Lilikuwa neno baya kuliko yote aliyowahi kumwambia mteja. Mzee wa Posta alivaa kofia yake, akaondoka, na Fundi alibaki ameshikilia mgongo wa kiti kwa sababu hakuwa na kitu kingine cha kushikilia.

*

Sanduku lilikuwa wazi katikati ya ua na mkewe alikuwa anakunja mashuka bila kusema. Fundi angefurahi kama angesema. Mwanawe alikuwa amepiga simu mara mbili kuuliza wanakuja na vitu vingi kiasi gani, na mara zote mbili neno vingi lilikuwa limevutwa kidogo. Mama mkwe alilishikilia birika mapajani, hataki lipakiwe.

"Hodi hapa!"

Mkasi aliingia uani akimburuta kijana mmoja aliyejifunika taulo kichwani. Alikuwa mwanamke mfupi, mkakamavu, na Kiswahili chake alikijifunza kwa wauza samaki wa gulioni, kwa hiyo kilikuwa fasaha lakini hakikufaa kila mahali.

"Shikamoo, Mzee. Angalia upumbavu huu." Akavua taulo.

Juu, nywele za kijana zilikuwa zimekatwa kwa ustadi wa kutisha. Zilianguka upande mmoja kwa wepesi, kavu, kila unywele mahali pake. Pembeni palikuwa na ngazi. Ngazi halisi, yenye vidato, kutoka sikioni hadi utosini.

"Eh, birika," alisema mama mkwe, "leo mtu atapanda mwenyewe mpaka juu."

"Vijana wetu wameona picha za vijana wenu walioko mjini," alisema Mkasi. "Wote wanataka hivyo hivyo. Juu ndefu, pembeni inapungua, inapungua, mpaka inaisha huoni imeishia wapi. Nimenunua mashine. Hii mashine ina wazimu."

Fundi aliichukua mashine ile mpya, akaipima mkononi. Hakuwa na nia ya kufanya kitu. Lakini kijana alikuwa amekwisha kaa kwenye kigoda, sikio limegeuzwa, na ngazi ile ilimkera machoni kama picha iliyopinda ukutani. Akainama. Akaondoa kidato cha kwanza. Mkono ulipanda na kushuka, ukilegea kila unapokaribia juu, kama alivyofanya kwa vichwa vya kiwanda cha pamba, na nywele nzito zilififia chini ya vidole vyake mpaka ngozi na nywele zikawa hazijui zimeachania wapi. Hapa hapakuhitaji maji.

Mkasi alitazama mdomo ukiwa wazi. "Mama yangu," alisema. "Na Msimamizi, ulimfanyia makusudi?"

"Hapana."

"Usiwaambie watu. Mabwenini wewe ni shujaa." Akakaa kwenye jiwe la uani. "Jumatatu uje saluni. Mimi juu, wewe pembeni. Tugawane."

"Nije kama nani?"

"Kama fundi wangu."

"Wako?" Fundi alinyanyua mashine kama anayetaka kuirusha. "Nifanye kibarua kwenye kiti changu mwenyewe? Kile nilichokijengea saruji?"

"Kiti chako kipo ndani ya chumba changu, Mzee. Nimekivuta, hakitoki. Wewe umekivuta, hakikutoka, kila mtu amekuona. Unataka tukae kila mtu na chake tunyoe watu wamesimama?"

"Nilikuwa bosi pale kabla hujazaliwa."

"Ndiyo. Na leo mkataba una jina langu. Mimi nimenyoa watu kwenye ndoo miaka mingapi, nani aliniita ndani? Wewe ulikuwa unaniona dirishani. Ulinipungia hata mkono?"

Fundi hakuwa amempungia mkono. Alikuwa amefunga pazia, kwa sababu ndoo zile ziliharibu mandhari.

"Fikiri," alisema Mkasi, akasimama, akamsukuma kijana wake mbele. "Lakini sitakubembeleza. Nina watu wengi."

Lango lilipofungwa, mkewe alikuwa bado ameshika shuka moja, pembe moja mkononi na nyingine chini ya kidevu.

"Baba watoto," alisema, "sikuambii kitu. Mwanamume ana kiburi chake na mimi nilikipenda kabla ya upara. Lakini sema sasa. Nikunje au nikunjue?"

Fundi alitazama sanduku, akatazama jiko ambalo mkewe alilijenga kwa mikono, kisha akamtazama mama mkwe, ambaye kwa mara ya kwanza hakuwa na la kuliambia birika.

"Ile brashi ya mashine yangu iko wapi?" aliuliza. "Ile ndogo?"

"Chini kabisa ya sanduku."

"Basi itabidi utoe vyote."

*

Jumatatu alifika mapema, akakuta mlango umefungwa, na ikambidi angoje nje ya chumba alichokuwa akikifungua mwenyewe. Juu ya mlango palikuwa na kibao kipya, kimeandikwa kwa lugha mbili. Alikisoma nusu anayoielewa. Jina lake halikuwemo. Wapita njia walimsalimu kwa uchangamfu wa ziada, ule wa kumsalimia mgonjwa, naye aliitikia wote.

Mkasi alifungua, akampa ufagio kabla ya salamu. "Fagia kwanza. Jana nilichoka."

Alifagia. Kabla hajamaliza, benchi jipya la Mkasi lilikuwa limejaa. Mwanzoni walikaa kwa makundi, vijana wa mabanda upande huu, wazee wawili watatu wa kijiji upande ule, katikati pengo la mtu mmoja. Kisha akaingia mama mnene, Mwenyekiti mwenyewe, aliyekuja kuona kama watu wamekwisha kuuana, akakaa kwenye pengo. Likaisha.

Mteja wa kwanza alikuwa kijana mwenye nywele za mvua na haraka ya kwenda kazini. Mkasi alisimama kulia, Fundi kushoto. Walianza kwa adabu, kila mmoja akimpisha mwenzake kama watu wawili mlangoni. Adabu hiyo iliishia juu kidogo ya sikio.

"Mzee, umepita mpaka."

"Mpaka gani? Pembeni inafika hapa, kwenye mfupa huu."

"Mfupa huo ni juu. Ni wangu."

"Tangu lini mfupa wa pembeni ukawa juu?"

"Jamani," alisema kijana, "hilo ni sikio langu mnalolikunja."

"Nyamaza!" walimwambia wote wawili, na benchi likaangua kicheko.

Mkasi aliweka ncha ya mkasi kwenye kichwa, akachora mstari hewani. "Hapa. Mimi ndiye nasema hapa."

Katika chumba kile hakuna mtu aliyewahi kumwambia Fundi mahali pa kusimamisha mashine. Alijiona kiooni, kioo chake mwenyewe alichokirudisha asubuhi ile mgongoni, mashine imeinuliwa juu, na nyuma yake benchi zima, watu wa kila rangi ambayo kijiji kilikuwa nayo, wakingoja kuona mzee atafanya nini. Mtu mmoja alikohoa. Mwenyekiti alijishughulisha na kucha zake.

Alishusha mashine upana wa kidole.

"Haya, bosi," alisema.

Neno lilimtoka kwa shida, kama jino, na kama jino lilipokwisha toka aliendelea kupapasa mahali lilipokuwa. Lakini mkono ulikuwa unafanya kazi. Pembeni ilififia vizuri, hata kuliko ile ya uani, na Mkasi aliinama akaitazama na hakupata la kusema, jambo ambalo kwa mwanamke yule lilikuwa sifa ndefu.

Simu ikaita mfukoni. Aliibana kwa bega bila kuacha kazi.

"Baba," ilisema sauti ya mwanawe, "tumewasubiri tangu jana. Mke wangu ameuliza kama bado mnakuja. Hata nauli naweza..."

"Mwanangu, nikupigie baadaye. Nina mtu kitini."

"Mtu? Hapo kijijini? Mtu gani?"

Fundi alikitazama kichwa kilichokuwa mbele yake, akapima kwa jicho mstari wa bosi wake.

"Kwangu mimi," alisema, "kuanzia sikio kushuka chini."